Tupeane uzoefu: siku ile ulikuwa umevaa nini?

NyarManyatta
Wenzangu, jana jioni kama saa kumi na mbili nilikuwa steji hapa Kisumu nikingoja gari la Ahero. Akaja msichana wa chuo cha uuguzi akiwa na sare yake: gauni jeupe, sweta ya buluu, soksi, viatu vya kamba, mkoba ameukumbatia kifuani. Makanga wawili wakamdaka, kila mmoja na mkono wake, huyu anavutia gari lake na yule lake. Wa tatu akapitisha mkono nyuma akamfinya matakoni, kisha akainua viganja juu kama mtu asiyehusika. Watu wakacheka. Msichana hakusema neno. Aliingia garini, akaketi dirishani, akaanza kupangusa gauni kwa kiganja, anapangusa tu, kama lililomwagikiwa unga.

Hapo yangu ikanirudia. Nilikuwa kidato cha tatu, mama akanituma Kibuye siku ya Jumapili, soko limefurika. Pale penye msongamano mtu akaniingiza mkono ndani ya blauzi, akaniminya kwa nguvu, akapotea. Uso wake sikuuona. Ninachokumbuka ni mkono wenye saa ya plastiki. Nilifika nyumbani nalia, na swali la kwanza la mama likawa: "Kwani ulikuwa umevaa nini?" Nilikuwa nimevaa sketi ya shule na sweta ya kakangu. Sijawahi kumwuliza mama kwa nini alianza na hilo.

Nimekosa usingizi. Aliyepitia haya aseme, na aseme alikuwa amevaa nini.

Atis wa Kondele
Kupangusa gauni. Mungu wangu. Mimi hupangusa shingo hadi leo.

BabaWawili_Kakamega
Poleni nyote, nasema kwa moyo safi maana nina mabinti wawili. Lakini tusidanganyane. Wako wanaovaa sare na wako wanaotoka nyumbani na kitambaa cha kufuta meza. Haya mambo ya harakati za wanawake ni ya kizungu, yametukuta tukiwa na adabu zetu. Ukiacha kitu wazi, usishangae kikiguswa.

MamaOmena
Baba Wawili, njoo ufukweni Dunga asubuhi. Omena wangu wanaanikwa wazi juu ya neti, jua na upepo, kutwa nzima, na watu wanapita. Anayechota kiganja bila kuniuliza anaitwa mwizi, na vijana wa ufukweni watamfukuza hadi barabarani. Hakuna aliyewahi kuniambia ni makosa yangu kwa kuwaanika.

Atis wa Kondele
👏👏 Mama amemaliza.

Shamba_la_Waridi
Sikutaka kuandika. Nimeisoma hiyo ya gauni mara tatu.

Mimi niko Naivasha, kaunti yetu hii ya Nakuru. Nilifanya kazi shamba la maua, silitaji. Unaniuliza nguo? Gambuti hadi magotini. Ovaroli ya kijani iliyokuwa ya mwanamume kabla yangu, nimeikunja mikono mara mbili. Aproni ya mpira juu yake. Kitambaa kichwani, glavu za ngozi kwa sababu ya miiba. Ukiniona kwa mbali usingejua mimi ni mke au mume.

Ilikuwa Januari, ule msimu wa kukimbizana na tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, maua yanatoka usiku na mchana. Sisi wa msimu tulikuwa na mkataba wa miezi mitatu, na anayeandika nani arudi na nani asirudi ni supavaiza. Alianza kwa maneno. "Wewe mikono yako ni laini kuliko waridi." Unacheka kidogo ili yapite. Akaanza kunipanga zamu za jioni. Akaanza kusimama nyuma yangu nikikata, karibu mpaka nasikia kalamu iliyo mfukoni mwake ikinigusa mgongo.

Siku hiyo akaniambia nipeleke ndoo chumba cha baridi. Mnaojua mnajua: ukiingia, pumzi yako unaiona, na mlango ni mzito, ukifungwa unasikia kama mtu amevuta hewa. Nikaweka ndoo chini. Nikasikia ile hewa. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni anavua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Akasema, "Mkataba unaisha Machi, sivyo?" Nililia, nikapiga kelele, lakini mota za baridi zinanguruma na ukuta ni mnene. Alinisukuma kwenye rafu, ndoo zikamwagika, maji yakaingia ndani ya gambuti. Mpaka leo nikikanyaga maji ya baridi bila kutarajia, tumbo hunigeuka. Alifungua ovaroli yangu vifungo vinne. Nilivihesabu, sijui kwa nini. Cha tano hakukifikia, kwa sababu kijana wa kusukuma troli alifungua mlango akiwa na mzigo. Huyo kijana hakusema kitu. Aliuacha tu mlango wazi, akasimama pale na troli, akijifanya gurudumu limekwama, hadi nilipopita.

Machi jina langu halikuwa kwenye orodha. Mama mmoja wa pakihausi aliponiona nikilia langoni aliniambia, "Nawe ungevaa hata leso kiunoni." Juu ya ovaroli!

NyarManyatta
Dada, nimesoma huku nimesimama. Pole sana. Na yule kijana wa troli, Mungu amkumbuke.

Mitumba_Busia
Pole dada. Baba Wawili anasema ni ya kizungu. Mimi nauza mitumba mpakani. Mwaka 2014 Uganda walipopitisha sheria ya kupinga ponografia, watu wakaiita sheria ya mini, ingawa mini haikutajwa humo. Zikafuata habari za wanawake kuvuliwa nguo barabarani na makundi yanayosema yanatekeleza sheria. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake vikuu 2021. Wateja wangu wa ng'ambo ya mpaka wakati ule walikuwa wananunua sketi ndefu, wanaiweka juu ya suruali, wakifika kwao wanaivua. Hakuna mzungu hapo, ni sisi kwa sisi.

UmmuSalma_Nakuru
Assalamu alaikum. Mimi navaa buibui na nikabu, macho tu. Nimeshikwa Nakuru barabara ya Kenyatta mchana, na nimeshikwa ndani ya matatu ya Free Area mtu akijifanya anatafuta nauli mfukoni. Niseme wazi kuwa sikubaliani na kila linalosemwa na wanaharakati. Stara kwangu ni ibada na nitamfundisha binti yangu hivyo. Ila stara naivaa kwa ajili ya Mola wangu. Haikukusudiwa kuwa ngao ya kuzuia wahuni, na mwenye kutaka kukugusa haitazami. Misri wanawake wengi hujifunika, na utafiti wa Umoja wa Mataifa wa 2013 ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya waliohojiwa wamewahi kunyanyaswa. Kama nguo ndefu ingekuwa dawa, Cairo wangekuwa wamepona.

BabaWawili_Kakamega
Dada Ummu Salma nakuheshimu. Lakini hata wewe umesema stara. Hilo ndilo neno langu.

UmmuSalma_Nakuru
Kaka, neno letu ni moja lakini tunalisema kwa watu tofauti. Mimi nalisema kwa binti yangu, wewe unalisema kwa aliyekwisha kuumizwa.

KondaWaZamani
Nimefuata hii kuanzia juu na sitalala nisiposema. Mtanitukana, nitakubali.

Nilikuwa konda miaka saba, mji mmoja wa huku Magharibi. Mwaka ule wa 2014, zile video za wanawake kuvuliwa nguo Nairobi zikizunguka kwenye simu, msichana mmoja alifika steji yetu amevaa sketi ya jinzi. Mwenzangu akamwita, "Mrembo, kalia kiti cha mbele kwangu." Msichana akamjibu, "Mimi si mrembo wako, nipishe." Basi. Ni hilo tu. Nawaapia, kabla ya lile jibu hakuna aliyesema habari ya sketi. Sketi ilikuja baadaye, mtu alipohitaji la kupigia kelele. Mwenzangu aliona aibu mbele yetu, akapaza sauti, "Huyu ametembea uchi!" Na sisi tukaitika.

Mimi sikumgusa. Miaka yote nimejiambia hivyo, sikumgusa. Lakini nilikuwa na noti za nauli nimezikunja katikati ya vidole kama tunavyofanya, na mkono huo huo niliuinua juu nikipiga kelele na wengine, "Vua! Vua!" Nakumbuka niliogopa noti zisianguke. Mtu anararuliwa nguo hatua tatu kutoka kwangu na mimi nachunga noti za hamsini hamsini. Aliyemwokoa ni mama wa kuuza mahindi ya kuchoma. Alipita katikati yetu na gunia la makaa, akamfunika nalo, msichana akawa mweusi wa vumbi la makaa uso mzima, machozi yakichora mistari. Yule mama alitutazama mmoja mmoja. Mimi anaponiangalia nikatazama noti.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Sasa nina mtoto wa kike wa miaka minane.

Atis wa Kondele
Sijui niseme nini.

NyarKano_Halisi
Mimi najua. Nenda polisi ukaandikishe ulichoona na majina ya wenzako. Hapa unatafuta kusamehewa na watu ambao si yeye.

Boda_Mamboleo
Acha ukali, madam. Angenyamaza ungejuaje kwamba sketi haikuwa sababu? Mimi niko kazi ya barabarani na nasema ameongea ukweli. Msichana akijibu vibaya, ndipo nguo huanza kuonekana fupi.

NyarKano_Halisi
"Akijibu vibaya"? Alisema nipishe. Hilo ni jibu baya?

Boda_Mamboleo
Nimeteleza. Akijibu tu.

Shamba_la_Waridi
Konda, nilipoanza kusoma nilitaka kukulaani. Nikafika kwenye noti nikaacha. Lakini NyarKano yuko sawa. Kuna mtu anaishi na vumbi la makaa.

Karani_Nyanza
Nafanya kazi na makaratasi ya mahakama, niweke machache sawa. Baada ya maandamano ya 17 Novemba 2014 kule Nairobi, yale ya "nguo yangu, chaguo langu", Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Julai 2017 wanaume 3 walihukumiwa kifo kwa kisa cha Githurai, ambapo mwanamke alivuliwa nguo na kuibiwa ndani ya basi. Hukumu ya kifo ilitokana na wizi wa mabavu.

Dada wa Naivasha: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, inamgusa mkubwa anayetumia cheo chake kusumbua mtu, kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili. Sijui kama kuna aliyewahi kukuonyesha hiyo karatasi.

Shamba_la_Waridi
Karatasi niliyoonyeshwa ni ya kuhesabu mashina.

Fundi_Cherehani_Section58
Ushauri wangu: pini ya leso, ile kubwa. Ishike mkononi ukipita steji. Anayefinya na afinywe.

MamaPolepole
Usimdunge mtu steji, utazingirwa. Mimi napiga kelele "mwizi!" Ukisema "amenishika" wanacheka. Ukisema "mwizi" nusu ya soko inasimama.

Mwalimu_Nyakach
Mwanangu, usiite mtu mwizi sokoni. Tunajua kinachofuata ni matairi na moto. Keti mbele na dereva, chukua nambari ya gari, ripoti kwa mwenyekiti wa steji.

NyarKano_Halisi
Mwenyekiti wa steji ndiye aliyenishika mimi, mwalimu.

Mwalimu_Nyakach
Pole, binti yangu. Basi nifute hilo.

Ila niseme moja kwa Baba Wawili, maana ametaja adabu zetu. Mimi nina miaka 74. Nyanyangu nilimkuta akivaa chieno, ule mkia wa nyuzi unaovaliwa nyuma na mwanamke aliyeolewa. Juu hakuwa na kitu. Alikwenda sokoni hivyo, alilima hivyo, alipokea wageni hivyo. Mwanamume aliyeushika ule mkia bila ruhusa alikuwa amefanya jambo zito, wazee wanakaa na mnyama anachinjwa. Hakuna aliyemwuliza nyanya kwa nini kifua kiko wazi. Nguo ndefu zilikuja na misheni. Hiyo adabu unayoitetea, mwanangu, ilikuwa ya kufunga mikono ya mwanamume.

BabaWawili_Kakamega
Mzee, hilo la mkia sikulijua. Nitamwuliza mama mambo ya upande wetu. Bado nitawaambia mabinti wangu wavae vizuri, kwa sababu naogopa, si kwa sababu wana makosa. Huo ndio ukweli wangu.

Jioni_Ufukweni
Mbona hakuna aliyetaja jaboya, ile ya kulipia samaki kwa mwili? Huku ufukweni Homa Bay mvuvi anakuambia samaki wapo ila pesa peke yake haitoshi. Mimi nilivaa boshori, koti la mvua na sketi mbili, saa kumi alfajiri. Nilikuwa na watoto watatu. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

MamaOmena
Nipo, dada. Njoo faraghani tuongee. Tuko akina mama tunaochanga kununua mtumbwi wetu.

Karani_Nyanza
Aliyebakwa asioge wala asifue nguo kwanza. Hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Polisi baadaye, deski ya jinsia, chukua nambari ya OB, kitabu cha matukio. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza, haiuzwi. Simu ya bure ni 1195.

KondaWaZamani
NyarKano, nimeyaandika majina. Wako wanne, mmoja alishafariki. Nitakwenda Jumatatu. Kama kuna anayejua nitaanzia dirisha gani ili nisirudishwe, aniambie.

NyarManyatta
Nimempigia mama leo mchana. Nikamkumbusha ile Jumapili ya Kibuye, nikamwuliza kwa nini alianza na nguo. Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Ilikuwa upande gani, wa mitumba au wa mbao?" Nikamwambia wa mbao. Akasema, "Hata mimi ilikuwa huko huko kwa mbao."