Mjadala: Je, vyuo vya uuguzi vya njia ya haraka Marekani viruhusiwe kudai amana kabla majibu ya vyuo vingine hayajatoka?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa linawagusa wengi wetu tuliokuja Marekani na shahada za biashara, ualimu au sheria, tukaanza kwa kuwahudumia wazee katika nyumba za kulelea wazee, na hatimaye tukaamua kuusomea uuguzi wenyewe. Njia ya haraka ninayoizungumzia ni shahada ya kwanza ya uuguzi kwa mtu ambaye tayari ana shahada nyingine: anasoma kwa miezi 11 hadi 18 hivi badala ya miaka minne, kisha anafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, unaomhusu kila muuguzi aliyesajiliwa (RN). Chuo Kikuu cha Saint Louis kiliianzisha mwaka 1971, na leo inapatikana karibu katika kila jimbo.

Hoja yangu ni kwamba chuo kisimdai mwombaji amana isiyorudishwa, yaani yale malipo ya kushikilia nafasi, kabla ya tarehe moja ya pamoja itakayokubaliwa na vyuo vyote vinavyoanza masomo katika muhula mmoja.

Mwombaji anapofikia hatua ya kusubiri jibu, fedha zake nyingi zimekwisha kwenda. Amelipia anatomia na fiziolojia kwa mihula miwili, mikrobayolojia, takwimu, na mara nyingi kemia na lishe, tena akikimbizana na muda, kwa sababu vyuo vingi havipokei masomo ya sayansi yaliyopita miaka mitano au saba. Amelipia mtihani wa kuingilia chuo cha uuguzi, TEAS au HESI A2, na pengine yote miwili, kwa kuwa chuo hiki kinataka huu na kile kinataka ule. Sisi tuliosoma nyumbani tunaongeza gharama ya kukadiriwa vyeti, yaani kulinganishwa na vya Marekani, pamoja na miezi ya kukibembeleza chuo cha zamani kitume matokeo moja kwa moja, maana nakala uliyoibeba mwenyewe mara nyingi haipokelewi. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu haimhusu mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, hata kama aliipata Dar es Salaam au Nairobi, kwa hiyo kinachobaki ni mikopo na akiba.

Mwaka jana niliomba vyuo vitatu. Cha kwanza, cha binafsi na cha ghali, kilinikubali mapema, kikanipa siku 10 nilipe dola 500, la sivyo nafasi iende kwa mwingine. Cha pili, cha jimbo, ambacho ada yake haikufika nusu ya kile cha kwanza, kilikuwa bado kinapitia maombi, na kila nilipopiga simu niliambiwa nisubiri barua pepe. Siku ya tisa nilikuwa zamu ya usiku. Niliketi katika chumba cha kubadilishia nguo nikalipa kwa simu, kwa sababu niliogopa kubaki mikono mitupu. Wiki tatu baadaye chuo cha pili kikanikubali, na nikaenda huko. Zile dola 500, ambazo kwangu ni malipo ya karibu zamu tatu za usiku, sikurudishiwa.

Waliosoma Tanzania wanaukumbuka utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: udahili unakwenda kwa awamu zenye tarehe zinazojulikana, na aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hupewa muda wa kuthibitisha kimoja anachokitaka. Una kasoro zake, lakini kijana huchagua akiwa ameyaona majibu yote ya awamu ile. Hapahapa Marekani, vyuo vingi vinavyotoa ufadhili wa uzamili vimekubaliana kwamba mwanafunzi asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwa nini wanaoomba uuguzi wasitendewe hivyo?

Mchangiaji wa kwanza, muuguzi wa wadi ya upasuaji:

Dada, pole kwa yaliyokupata. Mimi nimepitia njia hiyohiyo, na bado nakupinga. Mwaka 2021 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, kilihesabu maombi 91,938 yaliyotimiza sifa na yakakataliwa. Hayo ni maombi, si watu, kwa sababu mtu mmoja huomba kwingi, lakini sababu zake zinajulikana: walimu hawatoshi na hospitali zenye nafasi za mafunzo kwa vitendo ni chache. Hapa Texas mwalimu mmoja kwa kawaida hasimamii zaidi ya wanafunzi 10 wanaohudumia wagonjwa, kwa hiyo kiti kimoja kikiachwa wazi masomo yakiwa yamekwisha kuanza, hakijazwi tena hadi kundi lijalo. Tukiweka tarehe ya pamoja, mtu atashika nafasi tatu bila gharama yoyote, aachie mbili siku ya mwisho, na yule aliye kwenye orodha ya kusubiri ataitwa wakati hajaaga kazini, hajakamilisha chanjo, wala hajapimwa dawa za kulevya na kuchunguzwa rekodi ya uhalifu. Amana ndiyo inayomfanya mtu aseme mapema kama anakuja.

Mchangiaji wa pili:

Binti yangu, mbona hamkitaji chuo cha jamii? Miaka miwili, ada nafuu, leseni ni ileile, na shahada unaimalizia baadaye ukiwa tayari unalipwa mshahara wa muuguzi.

Mleta mada:

Mzee wangu, shikamoo. Njia hiyo ni njema na nimewashauri wawili waifuate. Hata hivyo New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka wauguzi wapya waipate shahada ndani ya miaka 10, na hospitali nyingi kubwa huitaka tangu siku ya kuajiriwa, kwa hiyo mwenye shahada nyingine hakosei akiitafuta mapema.

Kaka, hofu yako ya mtu mmoja kushika nafasi tatu ni ya kweli, lakini amana haijaizuia. Leo hii wapo wanaoshika nafasi mbili. Ni wale wenye dola 1,000 wanazoweza kuzipoteza. Asiyekuwa nazo ndiye anayelazimika kuchagua kabla hajajibiwa, na mara nyingi anaangukia kwenye chuo cha ghali zaidi, kwa sababu ndicho kilichomjibu kwanza. Kwa hiyo amana haitupi ukweli wa nani anakuja, inatuonyesha tu nani ana akiba.

Kuhusu anayeitwa akiwa amechelewa, hapo umenishinda, na ninarekebisha pendekezo langu. Tarehe ya pamoja isipungue wiki nane kabla ya masomo kuanza, yaani kwa kundi la Januari iwe mwanzoni mwa Novemba. Kabla ya hapo chuo kipokee amana kikitaka, mradi irudishwe yote kwa atakayejitoa kufikia siku hiyo. Na aliye kwenye orodha ya kusubiri aambiwe yeye ni wa ngapi, ili kama ni wa 4 aanze chanjo, na kama ni wa 60 aombe kwingine akiwa bado na muda.