Mrejesho: kanuni ya majaribio iliyokuwa inaruka kosa sasa inalinasa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kikaguzi chetu cha msimbo wa Python kinalalamika nikiandika parametrize("a,b", ...), agizo la pytest (zana ya kuendeshea majaribio ya Python) la kurudia jaribio moja kwa data tofauti, lakini kinanyamaza kabisa nikiandika parametrize(argnames="a,b", ...), ilhali kwa pytest maana ni ile ile.

Mliosema nichapishe mti wa sintaksia (muundo wa msimbo jinsi Python inavyousoma) kwa ast.dump mlinitoa gizani. Hoja (thamani unayoipa parametrize) iliyotajwa kwa jina, kama argnames, haikai kwenye args (orodha ya hoja zisizo na jina), inakaa kwenye keywords (orodha ya zenye jina), na kanuni niliyoandika ilikuwa inachungulia args[0], yaani ya kwanza isiyo na jina, tu. Sasa inatazama kote kuwili. Nimeongeza majaribio ya namna zote mbili, pamoja na mifano iliyo sahihi, maana kikaguzi kinachopiga kelele ovyo watu hukizima. Asanteni sana, kwa dhati.