Tupeane uzoefu: stesheni mbili za redio ya FM, masafa yaleyale, hapa Tanga unazitenganishaje?

Wakuu, mchana stesheni ya mjini inasikika safi. Jioni bahari ikitulia, juu ya stesheni hiyo inapanda ya Mombasa au ya Unguja, na zinapokezana neno kwa neno. Mwenye mbinu aiweke hapa na vipimo vyake. Redio ya nyumbani, gari, simu, vyote karibuni.

Fundi Ngamiani: Hakikisheni kwanza kweli ni masafa yaleyale. Sogeza megahezi (MHz) 0.1 juu, kisha 0.1 chini. Sauti ngeni ikizidi kuwa safi upande mmoja, hiyo ni stesheni jirani iliyo umbali wa 0.2 na redio yako haichuji vizuri. Ikibaki palepale katikati, hapo ndipo masafa yamegongana. Mkwaruzo mkavu usio na maneno ni jambo jingine: zima taa za LED na chaja za simu, moja moja, usikilize.

Wa Chumbageni: Watu wengi hukimbilia kupandisha antena juu zaidi, na hapo ndipo wanapojiharibia. FM inashika ile yenye nguvu na kuimeza nyingine. Vita huanza nguvu zikikaribiana. Ukipandisha mlingoti, zote mbili zinapanda. Unachotaka ni kuipunguza moja.

Dipoli, yaani antena ya mikono miwili iliyonyooka, inatosha. Gawanya 143 kwa masafa yako ya MHz, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 98 ni mita 1.46, yaani sentimita 73 kila mkono. Waya wa kati wa kebo ya TV (omu 75) unaingia mkono mmoja, wavu wa nje wa kebo hiyo mkono wa pili. Ilaze. Ubavu wake ndio unaosikia. Ncha zake ni kiziwi. Kwa hiyo elekeza NCHA kwa stesheni unayotaka kuiua, hata kama ile unayoitaka haikai sawasawa ubavuni. Zungusha polepole, pale kiziwi pana nafasi finyu sana.

Raskazone: Naongezea kuhusu Mombasa na Unguja. Kutoka Tanga, Mombasa ni kama kilomita 130 kaskazini-mashariki kidogo, Unguja kama 120 karibu kusini kabisa. Moja mbele, nyingine nyuma, na dipoli tupu husikia mbele na nyuma sawa. Hapo weka fimbo ya kurudisha: bomba la alumini la mita 1.53, sentimita 60 nyuma ya dipoli, lisiunganishwe na waya wowote. Mgongo, yaani upande wa fimbo, uelekee usikotaka. Stesheni nyingine hurusha mawimbi ya wima, kwa hiyo stesheni zote mbili zikififia, simamisha dipoli na fimbo yake pamoja.

Pangani: Kwa nini jioni? Paa la mita 9 na mnara wa mita 100 kwa kawaida vinaonana kama kilomita 53 tu. Lakini hewa ya joto na kavu ikilalia ile ya baridi na unyevu juu ya bahari, mawimbi hupinda na kuufuata uso wa maji. Upepo ukivuruga hewa, mgeni anaondoka. Ndiyo maana mtu wa katikati ya mji hasumbuki sana, ila sisi tulio mbali na mnara tunapigwa.

Makorora: Shekhe, usisahau kitufe cha mono. Stirio (sauti ya pande mbili) inadai nguvu zaidi, kwa hiyo ukihamia mono (sauti moja) mkwaruzo hupungua papo hapo. Haitaondoa sauti ya pili, lakini maneno yatasikika. Kwenye simu, antena ni waya wa spika za masikioni: uning'inize wima, kisha ulaze mezani, usikie tofauti. Chini ya bati sogea hata sentimita 75, robo ya wimbi, sauti inabadilika. Garini simama, sogea mbele hatua moja, jaribu tena.

Fundi Ngamiani: Na chumvi! Kiungo cha shaba kisichozibwa hugeuka kijani, nguvu inaporomoka, na wewe unamlaumu mrushaji. Lehemu kwanza, kisha silikoni, kisha plasta ya umeme. Kabla ya kuingia ndani, kebo ishuke kwanza ikapinda chini ili maji yadondokee nje. Ukikuta wavu umegeuka mweusi, kata nusu mita uanze upya.