Bunduki za kubonyeza kitufe, Mauser au za kuvuta moja kwa moja: nichague ipi kwa msako wa nguruwe mwitu?

Swali, kutoka kwa Mkazi wa Lyon

Ndugu zangu, ninaishi Lyon, Ufaransa, huu ukiwa mwaka wangu wa tisa, na misimu miwili iliyopita nilifaulu mtihani wa leseni ya uwindaji wa huku. Kijiji anachotoka mke wangu kina chama cha wawindaji ambacho kila Jumamosi ya majira ya baridi hufanya msako wa nguruwe mwitu. Mbwa na waswagaji huingia msituni kwa upande mmoja, nasi wenye bunduki hupangwa kwa mstari upande wa pili, kila mtu na mahali pake, tukiwa tumevaa fulana za rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka. Mpaka sasa nimekuwa nikiazima bunduki ya baba mkwe, Mauser ya zamani ya kaliba (kipimo cha risasi) ya .30-06 inayokokiwa kwa mkono, lakini kabla ya msimu ujao ningependa kununua ya kwangu.

Dukani nilionyeshwa Speedline ya kiwanda cha Verney-Carron, kilichoanzishwa mwaka 1820 mjini Saint-Étienne, karibu kabisa na hapa. Ukifyatua, gesi ya baruti husukuma bolti, yaani chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, irudi nyuma na kulitoa ganda tupu, kama ilivyo kwa bunduki inayojipakia yenyewe. Tofauti ni kwamba bolti hukamatwa kule nyuma na kubaki hapo, mtutu ukiwa wazi upande wa nyuma, mpaka mpigaji abonyeze kitufe kwa kidole gumba, na hapo ndipo springi huirudisha mbele ikiwa na risasi nyingine. Mwenye duka aliivuta bolti nyuma kwa mkono, akanipa bunduki, akaniambia nibonyeze. Ilirudi mbele kwa kishindo ambacho nilikisikia hadi kwenye taya, kwa sababu shavu langu lilikuwa bado limelala juu ya kitako. Hilo la shavu ndilo lililonivutia. Novemba iliyopita nguruwe wawili walikata njia mbele yangu, njia yenyewe haizidi upana wa mita nne. Nilimpiga wa kwanza, nikanyanyua mkono wa bolti, kichwa kikainuka pamoja nao, na niliporudisha jicho kwenye shabaha wa pili alikuwa ameshazama vichakani.

Kuna pia suala la sheria. Hapa bunduki ya kuwindia inayojipakia yenyewe hairuhusiwi kubeba zaidi ya risasi 3, wakati hii ya kitufe inahesabiwa pamoja na zile za kukoki kwa mkono. Ninachoomba kwa wenye uzoefu ni mnisaidie kupima: je, kitufe kinaishinda Mauser kweli? Na kinasimama wapi mbele ya zile za kuvuta moja kwa moja, ambazo bolti yake huvutwa na kusukumwa tu bila kunyanyua mkono wake, kama Blaser R8 au Browning Maral?

Jibu la Mzee wa Rungwa

Mdogo wangu, mimi nimeongoza wageni wa uwindaji Tanzania kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa ikiwa Pori la Akiba la Rungwa, kwa hiyo nitakuambia ninachokijua kutokana na vumbi na wala si kutokana na duka.

Nianze na Mauser, kwa kuwa ndiyo unayotaka kuiacha. Mtambo wa mwaka 1898 haukudumu zaidi ya karne kwa sababu ya mazoea tu. Una kucha ndefu ya chuma inayolishika ganda la risasi tangu linapochomoka kwenye magazini, haliachii hata ukisita katikati ya kukoki, na haliachii mpaka limetupwa nje. Zaidi ya hayo, unapoanza kunyanyua mkono wa bolti, umbo la chuma pale nyuma huigeuza nguvu ya mkono wako kuwa nguvu ya kung'oa ganda kabla hata bolti haijaanza kurudi. Jambo hili halionekani dukani. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali, mgeni wangu alikuja na risasi alizozijaza mwenyewe kwao, zenye baruti nyingi kupita kiasi. Alimpiga nyati kwa bunduki ya kaliba ya .375, nyati akayumba lakini hakuanguka, na bolti ikagoma. Niliupiga mkono wa bolti kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mara mbili. Mara ya pili ganda likaachia, likatoka na alama inayong'aa kwenye kitako chake cha shaba. Bunduki ambayo ganda lake hutolewa na gesi peke yake haikupi mahali pa kupiga kiganja namna ile. Zile za kuvuta moja kwa moja nazo zina upungufu unaokaribia huo, kwa sababu mkono hauna mzunguko wa kuung'oa ukaidi wa ganda, unavuta tu.

Jambo la pili ni ukimya. Bolti ya mkono unaweza kuisindikiza taratibu mpaka ifunge, mnyama akiwa hatua sitini nawe hasikii kitu. Ile ya springi ni lazima uiachie irudi kwa nguvu zake zote, kwa maana ukiishikilia na kuirudisha polepole inaweza isifunge sawasawa. Kwenye msako wenye mbwa wanaobweka jambo hili halina uzito. Kwa anayenyatia lina uzito mkubwa.

Sikatai kwamba kitufe kina faida. Kwa hali uliyoeleza, mnyama anayekimbia, umbali mfupi, nafasi ya sekunde mbili au tatu, mkono kubaki kwenye kitako na shavu kubaki mahali pake ni faida ya kweli, na gesi inayofanya kazi ya kusukuma bolti hupunguza kidogo teke la bunduki begani. Lakini mtutu ulio wazi baada ya kila risasi hupokea chochote kinachoanguka, majani, matone ya mvua, theluji ya huko kwenu, na njia ya gesi inataka kusafishwa mara nyingi kuliko watu wanavyoambiwa wakati wa kununua.

Niseme jambo moja la kwetu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa silaha za otomatiki na nusu otomatiki. Mgeni akiniuliza kama aje na bunduki ya kitufe, humwambia aiache nyumbani, kwa sababu sitaki mabishano ya tafsiri ya sheria yafanyike porini mbele ya askari wa wanyamapori, mnyama akiwa tayari ameanguka.

Na kama utabaki na bunduki ya mkono, ifikirie kaliba ya 9.3x62. Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kijerumani barani Afrika, wakiwemo wa hapa kwetu, ili iingie kwenye Mauser ya kawaida bila kuhitaji mtambo mkubwa. Leo ni miongoni mwa risasi zinazopendwa sana na wawinda nguruwe wa Ulaya.

Jibu la Mpigashabaha wa Leeds

Ndugu wa Lyon, mzee amemaliza upande wa chuma; naomba nieleze upande wa karatasi, kwa kuwa mimi yalinikuta.

Uingereza, baada ya mauaji ya watu wengi kwa risasi mjini Hungerford mwaka 1987, sheria ya mwaka 1988 iliondoa mikononi mwa raia bunduki zote za mtutu wenye mizunguko (mifereji inayoizungusha risasi) zinazojipakia zenyewe, isipokuwa zile ndogo za .22. Mafundi wakatafuta njia ndani ya sheria hiyo, na kati ya walizopata ni hii ya kuifanya bolti ikwame nyuma ili mpigaji atende kitendo cha pili. Aina moja ilitumia kitufe au wenzo wa kidole gumba; nyingine ilimtaka mpigaji avute triga mara ya pili, mara ya kwanza kufyatua na mara ya pili kuiachia bolti. Nilinunua ya wenzo kwa mashindano ya mita 300, si kwa kuwinda, na nilikuwa na sababu: bega langu la kulia lilivunjika katika ajali ya pikipiki, na kurudisha bolti kwa mkono mara hamsini kwa asubuhi moja kuliniletea maumivu ya siku mbili. Kitufe kilinirudisha uwanjani.

Kisha ikaja Sheria ya Silaha za Hatari ya mwaka 2019, iliyopiga marufuku kila bunduki ya aina hiyo ambayo ganda lake tupu hutolewa kwa nguvu ya gesi ya baruti, ikibakiza tena zile za .22 tu. Hoja ya wapigaji wenye ulemavu ilitolewa Bungeni, lakini haikubadilisha uamuzi. Mpango wa kusalimisha bunduki kwa fidia ulifunguliwa Desemba 2020 ukafungwa Machi 2021, nami niliipeleka yangu kituo cha polisi ikiwa kwenye kasha lake, nikatia sahihi, nikarudi nyumbani kwa basi. Sina kinyongo na wenye hofu. Waliofiwa Hungerford wana haki ya kusikilizwa kuliko mimi. Hata hivyo nakuomba ulitazame neno hili kwa makini: kinachoifanya bunduki hii iuzike ni mstari mmoja wa sheria, na mstari huo ukisogezwa, bunduki yako inasogea nao. Mauser ya baba mkwe haitegemei mstari huo.

Siku hizi napiga kwa bunduki ya kuvuta moja kwa moja. Bega linauma kiasi, ila kwa kuwa hakuna kunyanyua mkono, ni kuvuta na kusukuma tu, maumivu ni nusu ya yale ya bolti ya kawaida.

Jibu la Mfugaji wa Queensland

Nathibitisha aliyosema ndugu wa Leeds. Huku Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur ya Aprili 1996, ambako watu 35 waliuawa, serikali zote zilikubaliana kuziweka bunduki zinazojipakia zenyewe katika madaraja ambayo raia wa kawaida hayafikii. Tangu hapo kila mtambo mpya unaokimbia kasi huzusha mjadala. Mwaka 2015 ilikuwa shotgani ya Adler A110, ambayo haikuwa na kitufe wala gesi, ilikuwa na wenzo wa chini tu kama bunduki za Winchester za karne ya 19, na bado iligawa mawaziri hadi ikapangiwa daraja jipya mwishoni mwa 2016. Isitoshe, kila jimbo lina sheria yake. Mimi nawinda nguruwe wanaoharibu mabwawa ya ng'ombe kwa bolti ya kawaida, na ninaowakosa ni wale ninaowafyatulia kwa pupa.

Muulizaji

Mzee wangu, na ndugu zangu wa Leeds na Queensland, nawashukuru kwa dhati. Mzee, nina swali moja la nyongeza. Umesema kuhusu usalama kidogo sana. Mwenye duka alisisitiza kwamba bunduki ya kitufe ni salama zaidi kwenye mstari wa msako, kwa sababu baada ya kufyatua hubaki wazi na jirani yako anaona kwa macho kwamba haina risasi kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Je, hoja hiyo ina uzito?

Mzee wa Rungwa

Ina uzito, nami nilipaswa kuitaja. Mtutu ulio wazi ni ushahidi unaoonekana hata kwa mtu aliye hatua arobaini, na mpigaji hupata nafasi ya kuamua kama anahitaji risasi ya pili badala ya kuipata bila kuiomba. Lakini kumbuka kwamba hali hiyo ni ya baada ya risasi ya kwanza. Kabla yake, unaposimama saa mbili ukisubiri, chemba imejaa kama ya mtu mwingine yeyote, na hapo Blaser R8 ina jibu ninaloliheshimu zaidi: haina kizuizi cha kawaida cha usalama, springi yake ya kufyatulia hubaki imelegea mpaka unapoisukuma mwenyewe kwa kidole gumba wakati mnyama ametokea. Ukishuka kutoka kwenye jukwaa la kusubiria mnyama ukateleza, hakuna kitu kilichokazwa ndani yake.

Kuhusu yule nguruwe wako wa pili, nikuulize: ulipokoki, uliishusha bunduki begani? Watu wengi hufanya hivyo bila kujijua. Chukua Mauser ya baba mkwe, hakikisha mara mbili kwamba haina risasi, weka risasi za bandia, ukae nayo begani mbele ya ukuta na ukoki mara ishirini kila jioni bila kuinua shavu, ukinyanyua mkono wa bolti kwa kiganja na si kwa vidole viwili. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja kabla hujatoa pesa.

Muulizaji

Niliishusha, mzee. Nilipousoma ujumbe wako nimeikumbuka hali yenyewe: kitako kilikuwa kwenye mbavu, si begani. Risasi za bandia nitazinunua kesho. Mwezi Mei chama chetu kina siku ya mazoezi yenye shabaha ya nguruwe inayokimbia kwenye reli, na mwanachama mmoja mwenye Speedline amekubali kuniazima nipige risasi kumi, kisha nipige kumi kwa Mauser. Nitarudi hapa na karatasi zote mbili za shabaha.