Nipo Wete, nataka kutafuta sayari ndogo za nyota za jirani kwa darubini ya inchi 8. Inawezekana?

MaalimWete

Assalam alaykum wana jamvi. Nasomesha fizikia skuli moja huku Wete na nna kikundi cha wanafunzi 9, kila Ijumaa usiku tunapanda juu ya paa la zege na darubini ya inchi 8 tuliyopewa na mtu aliyekuwa anahama. Ina mota ya kufuata nyota na kamera. Mwanzo tulikuwa tunaangalia Mshtarii na miezi yake, Zohali na pete zake, watoto wamefurahi wee, lakini mmoja wa kidato cha 3 kaniuliza suali ambalo tokea siku ile linanikosesha usingizi, kasema "maalim, hizi nyota zilizo karibu na sisi, si zitakuwa na sayari ndogo ndogo kama hii yetu, kwa nini tusizitafute wenyewe?"

Basi nikasoma, nikaelewa kwamba sayari ikipita mbele ya nyota yake mwanga unapungua kidogo, ukipima mwanga picha baada ya picha utaona grafu inabonyea halafu inarudi. Ijumaa iliyopita tukajaribu. Tulichagua nyota moja nyekundu ya karibu, tukapiga picha kuanzia saa 3 usiku, kila picha sekunde 60. Ilipofika saa 5 na dakika 40 grafu ikaanza kushuka, ikashuka kama asilimia 2, ikakaa chini nusu saa hivi kisha ikapanda mpaka pale pale ilipokuwa. Wallahi watoto walipiga makelele mpaka mlinzi akapanda juu kuja kuangalia kuna nini.

Nimekaa na hii grafu wiki nzima sijamuonesha mtu. Inaweza kuwa sayari? Na kwa vifaa hivi, tena huku kwetu kwenye unyevu wa bahari, mtu anaweza kweli kutafuta sayari ndogo au hio ni kazi ya wenye madarubini ya milimani tu?

fundi_wa_data

Waalaykum salaam maalim. Kabla ya yote nikuulize, hio nyota mumeipima peke yake au mumeilinganisha na jirani zake waliomo kwenye picha ile ile? Hapa ndipo kila kitu kinapoanzia. Rudi kwenye zile picha, chagua nyota nyengine nne tano zenye mwanga wa kukaribiana nayo, zipime zote kwenye kila picha. Zikiwa zimeshuka zote pamoja basi hio si sayari, ni hewa au ni kioo chako. Ikiwa imeshuka moja tu na wenziwe wametulia, njoo hapa hapa tukeshe.

Kuhusu inchi 8 tufanye hesabu. Dunia yetu ikipita mbele ya Jua, mtu wa mbali anayetupima ataona mwanga umepungua sehemu 84 tu kati ya milioni, kwa saa kama 13, halafu asubiri mwaka mzima kuiona tena. Hicho kiasi hukipati juu ya paa, hewa yenyewe inatikisa mwanga kuliko hapo. Lakini nyota nyingi za jirani zetu si kama Jua, ni vile vibete vyekundu, vidogo na baridi. Kinachopungua ni eneo la duara lililozibwa, kwa hio nyota ikiwa ndogo sayari ile ile inaziba sehemu kubwa zaidi. Angalia nyota moja inayoitwa TRAPPIST-1, ipo kama miaka nuru 40 (mwaka nuru ni umbali unaokwenda mwanga kwa mwaka mzima), upana wake ni asilimia 12 hivi ya upana wa Jua, yaani imeizidi Mshtarii kidogo tu. Sayari ya ukubwa wa Dunia ikipita pale mwanga unapungua zaidi ya nusu ya asilimia moja. Kutoka sehemu 84 kati ya milioni mpaka zaidi ya 5,000! Na ile ya ndani kabisa inazunguka kwa siku moja na nusu, huna haja ya kungoja mwaka. Mtafiti Michaël Gillon na wenziwe walitangaza sayari tatu pale mwaka 2016, na 2017 zikafika saba.

Tena maalim, hii uwaambie watoto: TRAPPIST-1 ipo digrii 5 kusini mwa ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani uliopo juu ya ikweta yetu, na Wete ipo digrii 5 kusini mwa ikweta ya ardhi, kwa hio ile nyota inapita karibu sawasawa juu ya utosi wenu. Kwa inchi 8 hamtoipata, ni hafifu mno na mwanga wake mwingi ni ule wa infraredi usioonekana kwa macho, lakini mkisimama juu ya paa mwezi wa 10 baada ya isha mkaangalia juu moja kwa moja, ipo pale.

mtoto_wa_nahodha

Mie si msomi wa mambo haya ila nna suali. Sie tunavua dagaa kwa karabai. Ukiwa mbali usiku unaona taa ya chombo chengine, kuna wakati inafifia polepole kwa sababu pumzi imepungua mpaka mtu aipampu, na kuna wakati mtu anakatiza mbele yake inapungua ghafla na kurudi ghafla. Sasa hizo nyota nazo hazipungui pumzi zenyewe? Mtu atajuaje kama ni sayari imekatiza au ni nyota tu imefifia?

BintiMkoani

Ndugu yangu hilo suali lako ndilo wanalohangaika nalo watafiti wote wa vibete vyekundu. Hizo nyota zina madoa makubwa, zikijizungusha madoa yanaingia na kutoka upande wetu, mwanga unapanda na kushuka polepole kwa siku kadhaa, kama karabai lililopungua pumzi kama ulivosema. Na mara nyengine zinaripuka, mwanga unaruka juu kwa dakika chache. Sayari haifanyi hivo. Sayari inashuka kwa dakika, inakaa chini, inapanda, na inarudia kwa saa yake haikosei. Ndo maana mtu akiona mara moja hatangazi kitu, anangoja mara ya pili na ya tatu zije kwa wakati aliokwishauhesabu.

Maalim, mimi nimefanya kazi hii miaka michache nilipokuwa nasoma nje, naomba niseme kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema. Usichague nyota moja ukaikalia. Ili tuone sayari ikikatiza, lazima njia yake iwe imelala sawa na macho yetu, na bahati hio ni ndogo. Kwa sayari kama Dunia kwenye nyota kama Jua ni kama moja kati ya 200. Proxima ndo nyota jirani yetu kuliko zote, miaka nuru 4.2, sayari yake ikatangazwa 2016, inazunguka kwa siku 11 na kitu, na kila mwenye darubini alitaka kuiona ikikatiza. Bahati ilikuwa kama asilimia moja na nusu. Watu wametafuta sana, haikuonekana. Ipo, lakini njia yake haipiti mbele yetu.

Kwa hio wenye kutafuta kweli wanaangalia nyota nyingi. Mradi wa MEarth kule Arizona ulikuwa na darubini nane za sentimita 40, yaani vifaa ambavyo hata mtu binafsi mwenye uwezo anaweza kununua, zinatembelea vibete vyekundu kimoja baada ya chengine usiku kucha. Mwaka 2009 mtafiti David Charbonneau na wenziwe wakaipata sayari ya GJ 1214 b, upana wake mara 2.7 ya Dunia, inazunguka kwa saa 38, kila ikipita mwanga unapungua kama asilimia 1.4 kwa muda usiofika saa nzima. Na hii ni yetu Afrika Mashariki, maana Wakenya ndo walioipa jina, tokea 2023 rasmi nyota inaitwa Orkaria na sayari inaitwa Enaiposha, maneno ya Kimaasai. Kila nikiliona jina hilo kwenye makala za kitaalamu moyo unafurahi.

Kisa chengine ninachokipenda ni cha nyota ya GJ 436. Sayari yake ilijulikana tokea 2004 kwa njia ya kupima nyota inavoyumba ikivutwa na sayari, uzito wake ni kama wa Neptuni. Mpaka 2007 hakuna aliyekuwa ameiona ikikatiza. Walioiona walitumia darubini ya sentimita 60 kule St-Luc, Uswisi. Miaka mitatu kitu kipo wazi mbinguni, kila siku mbili na masaa kadhaa kinapita.

Sasa nyinyi anzeni na kinachojulikana. Ipo nyota ya HD 189733, miaka nuru kama 64 kutoka kwetu, inang'ara vya kutosha kwa inchi 8, sayari yake ni kubwa kama Mshtarii na inapunguza mwanga asilimia 2 na zaidi, inapita kila baada ya saa 53 na inachukua kama saa moja na dakika 50. Saa za kupita zinapatikana bure mtandaoni. Toeni fokasi kidogo nyota iwe kiduara, kamera isije ikazidiwa na mwanga, na saa ya kompyuta muiweke sawa na ya intaneti kabla hamjaanza, maana dakika mbili za makosa zinaharibu kazi nzima. Mkiipata hio mara tatu, nendeni GJ 436, pale ni asilimia 0.7 tu, hapo ndo mtajua mumeiva.

Na watoto wakitaka kutafuta kipya, data za TESS, chombo cha angani kinachotafuta sayari, ni bure. Hicho chombo kimerushwa Aprili 2018, kinakodolea kipande kimoja cha mbingu siku 27 halafu kinahama. Ila pikseli yake moja ni pana mno, inabeba nyota kadhaa kwa pamoja, kwa hio mwanga ukipungua hakijui ni nyota gani hasa iliyopungua. Hapo ndo darubini ndogo za ardhini zinapohitajika, kwenda kuangalia ni ipi. Na huku Pemba usiku ukiingia, Chile kwenye madarubini makubwa bado ni mchana, kwa hio nyinyi mnaweza kuangalia wakati wao hawawezi.

MzeeWaForodhani

Mwanangu maalim endelea na hao watoto. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya Jua, huku kwetu ilionekana kuanzia asubuhi mpaka mchana. Mimi niliiona kwenye karatasi nyeupe, mtu ameelekeza darubini kwenye jua, picha ya jua ikaangukia kwenye karatasi, na kidoa cheusi kama punje ya pilipili manga kinatembea taratibu. Nilikuwa mtu mzima na nilisimama pale mpaka adhuhuri. Sikujua mpaka leo kumbe kitu kile kile ndo wanachotafutia sayari za nyota nyengine.

MaalimWete

Nimerudi jamani, ahsanteni sana. Nimekaa jana tokea alasiri na wanafunzi wawili tumepima nyota sita kwenye picha zote. Zimeshuka zote sita, muda ule ule, kiasi kile kile. Fundi, ulivosema ndo hivo hivo.

Mmoja akakumbuka kwamba kama saa 6 na dakika 10 alikiona kioo cha mbele kimeingia umande akakipulizia kwa kile kifeni cha mkononi cha betri. Tukaangalia saa ya picha, grafu imepanda pale pale kifeni kilipowashwa. Nilidhani watoto watavunjika moyo, lakini yule aliyeniuliza suali kaichukua ile grafu kaandika kwa peni "umande" na saa, kaibandika ukutani.

BintiMkoani, dada yangu, tumeangalia saa za HD 189733, kuna Jumanne ijayo inaanza saa 2 na nusu usiku. Umeme huku unakatika katika kwa hio tutatumia betri la gari. Kilichobaki ni huo umande, kuna mtu kanambia zipo bendi za kupasha moto zinazungushwa kwenye mdomo wa darubini, kuna yeyote kashaitengeneza mwenyewe kwa waya na risista? Nataka kujua ni wati ngapi zinatosha kwa inchi 8 bila ya kumaliza betri kabla ya saa 6.