Wauza TV janja, mnatuuzia kioo kizima chenye mfumo mfu!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kioo cha TV yangu hakina hata doa. Rangi safi, spika zinaunguruma, ukichomeka king'amuzi mpira unaonekana hadi jasho la kipa. Sasa bonyeza kitufe cha menyu uone. Kiduara kinazunguka. Unabonyeza tena ukidhani rimoti imeisha betri, kumbe ilikusikia tangu mwanzo ila ikaamua kukujibu yote kwa mkupuo: inaruka programu kadhaa na kukufungulia duka la magemu ambayo hakuna mtu humu ndani aliyewahi kuyacheza. Kutafuta wimbo YouTube ndiyo usiseme. Unaandika "taarabu", inatokea "tttrb".

Ukitaka kuweka programu mpya, unaambiwa hifadhi imejaa. Imejaa nini? Makorokoro waliyopachika wao kiwandani, ambayo hayafutiki! TV nyingi za bei zetu zina hifadhi ya GB 8, na mfumo wenyewe umeshakaa humo na familia yake. RAM, ile kumbukumbu ya kuendeshea programu, ni GB 1 au moja na nusu. Simu ya hivyo ukimpa kijana wa sekondari leo anakurudishia.

Nimerudi dukani, muuzaji ananiambia, "Kaka, fanya apdeti." Apdeti ipi? TV yenyewe inadai iko kwenye toleo la mwisho, na toleo hilo ni la enzi hizo. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu, kwa upole kabisa, ananishauri niangalie modeli mpya. Yaani kioo kizima nikitupe jalalani kwa sababu mtu fulani huko kiwandani amechoka kuandika programu?

Na msidhani ni hizi za bei chee tu. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, nyingine zikiwa bado zinawaka vizuri tu. Kule Marekani, kampuni ya TV ya Vizio mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kubainika kwamba TV zao milioni 11 zilikuwa zinachukua taarifa za anachotazama mwenye nyumba, sekunde kwa sekunde, bila ridhaa yake, kisha taarifa hizo zinauzwa. Unanunua TV, nayo inakutazama wewe.

Kwa hiyo nimeamua: TV nimeikatia intaneti moja kwa moja, kazi ya YouTube na Netflix inafanywa na kijiti, kile kifaa kidogo cha intaneti kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV. Kikizeeka kinatupwa kijiti, kioo kinabaki ukutani. Chromecast, kijiti cha Google, ya kwanza ilitoka 2013 kwa dola 35 tu! Najua kuna watakaosema hata vijiti hufa. Kweli, Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, zile za 2015, ziligoma kwa sababu cheti chao cha usalama kiliisha muda. Lakini Google walitoa marekebisho ndani ya siku chache, kwa kifaa cha karibu miaka kumi. Nani amewahi kuona hilo kwenye TV yake?

Ila msikimbilie yale maboksi ya Android yasiyo na jina yanayoahidi "chaneli zote bure maisha". Juni 2025 FBI, wapelelezi wa Marekani, walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, kirusi kinachoweza kuja na vifaa vya aina hiyo kabla hujavinunua na kuifanya intaneti ya nyumbani kwako kuwa uchochoro wa wahalifu. Tena mengi hayana kibali cha Netflix, utalipia HD upate ukungu. Na kijiti kipe umeme wa chaja ya ukutani, USB ya TV mara nyingi haitoshi, kitakuwa kinajizima na kujiwasha.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba ukiulizia TV ya kawaida, kioo na matundu ya HDMI basi, unaangaliwa kama umetoka mwezini. "Hizo tumeacha kuleta, bosi." Nani aliwaambia hatuzitaki?

Mwenye kujua duka Kariakoo linalouza inchi 43 isiyo na mfumo wowote ndani aweke hapa, na bei. Na wale wa "nunua mpya tu mkuu", uzi huu hauwahusu.