Waajiri 4 ndani ya miaka 5: nijibuje kwenye usaili?

Mhasibu_Moro
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mhasibu. Tangu 2020: mkataba wa mradi miezi 12, mwingine miezi 18, kampuni iliyopunguza wafanyakazi, kisha sehemu niliyoacha baada ya miezi 4. Kila usaili naulizwa, "mbona unahamahama?" Nijibuje? Na ile ya miezi 4 niifute kwenye wasifu?

AfisaUtumishi
Mkuu, kwa maelezo yako umeacha kazi kwa hiari mara moja tu. Wasifu wako ndio hausemi hivyo. Anayepitia rundo la maombi huona tarehe fupifupi akaweka pembeni. Aina ya ajira iandike mstari mmoja na cheo: "Mhasibu, mkataba wa mradi wa miezi 12, ulikamilika Machi 2021." Ile ya kupunguzwa: "nafasi ilifutwa", na barua yake uwe nayo. Andika mwezi na mwaka. "2022–2023" inaweza kuwa miezi 2 au 24, na msaili atadhani ni 2.

Dai pia cheti cha utumishi kwa kila mwajiri. Ni haki yako ajira inapokoma, kifungu cha 44, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Ya miezi 4 usiifute. Michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inabaki na kumbukumbu ya nani alikuchangia.

Kaunta_ya_Ajira
Hapo natofautiana kidogo na mkuu. Wasifu ni muhtasari, ile ya miezi 4 unaweza kutoiandika, mradi ukiulizwa kuhusu pengo useme kweli. Ila fomu inayotaka waajiri wote, yenye tamko na sahihi yako chini, ijaze yote. Uongo kwenye fomu hiyo unaweza kukufukuzisha kazi hata baada ya kuthibitishwa.

Mhasibu_Moro
Asanteni sana. Niliondoka kwa sababu majukumu hayakuwa yale ya kwenye mkataba. Hilo linasemekaje?

AfisaUtumishi
Kwa sentensi chache, bila hasira: "Mkataba ulisema mhasibu, kazi ikawa kuandika hati za malipo tu. Nilizungumza na msimamizi, haikubadilika, nikatoa notisi ya siku 28 na kukabidhi kazi." Kama hukuzungumza naye, usiseme ulizungumza. Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa: msaili akikaa kimya wanaanza kumsema bosi wa zamani.

Kwa mikataba, taja ulichokamilisha: "Nilifunga hesabu za mradi, mkaguzi akatoa hati inayoridhisha." "Natafuta changamoto mpya" achana nayo, maana msaili anasikia kwamba na hapa utaondoka. Mwonyeshe kitu kwenye tangazo lao kinachokutaka ukae, mfano kusimamia bajeti ya mwaka mzima.

Kaunta_ya_Ajira
Na wadhamini wapigie kabla ya usaili. Wape tarehe na sababu zilezile ulizoandika. Wewe ukisema mkataba uliisha, mdhamini akasema "aliacha", atakayeaminiwa ni yeye.